Msalaba wa Wino

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Mimi nilimwapia hivyohivyo shoga yangu Idella, na wewe sasa ni mtu wa nne ninayemsimulia.

Idella, mjane wa hapa kwetu Vermont, aliipeleka stempu ya marehemu mumewe ikakaguliwe kwenye chama cha wakusanyaji stempu. Ilikuwa ya mwaka 1847, imepigwa msalaba wa kalamu kama walivyofanya watu wa posta zamani ili isitumike tena. Hakuachiwa kingine. Mkaguzi alikuwa Orrin, rafiki wa marehemu, aliyebeba hata jeneza lake. Akaigeuzageuza kwa kibano, kisha akaweka stempu mezani mbele ya Idella.

"Pole, shemeji. Ni bandia. Mumeo alikuwa mwepesi wa kudanganywa."

"Na marafiki, ndiyo," Idella akamjibu.

Theluji ikakata umeme. Gizani Idella na wanachama wakasikia kalamu ya chuma ikikwaruza karatasi, polepole, mara mbili. Hapakuwa na kalamu mezani.

Taa ziliporudi, wote walimtazama Orrin. Kwenye mfuko wa shati lake jeupe msalaba mweusi ulikuwa ukichuruzika. Mwenyekiti wa chama akaingiza kibano mfukoni humo, akatoa stempu halisi ya Idella; ya mezani ndiyo iliyokuwa bandia. Wino uliokauka tangu 1847 ulikuwa bado unadondoka.