Mume wa Bibi wa Jiwe

Bisheni mkitaka. Shule ya misheni niliikimbia kabla sijajua kuandika jina langu sawasawa, kwa hiyo sina kitabu cha kuibia uongo. Tulikuwa wanne chini ya lile jiwe, na mbele nilishika mimi, nani mwingine?

Lilikuwa bapa, la kale sana, limechongwa huko Bara Hindi: mwanamke anacheza ngoma, pua imevunjika. Mjerumani mmoja wa Lutindi alikuwa akilipeleka kwao, kwenye jumba la makumbusho, nasi tulilishusha mpaka stesheni ya Korogwe. Jua linawaka, jiwe linatoka jasho.

Tulipolitua, Semboja, Msambaa mwenzangu, akaliegemea. Mdoe, mtani wetu wa Kizigua, angeiachaje nafasi ile?

"Bibi we, huyu nimekupa! Mkewe kamchoka, mchukue!"

Tukacheka hadi tukakaa chini. Mtani akikutoa, huruhusiwi kununa. Semboja naye alicheka, kisha akanusa. "Nani kajipaka asmini?"

Hakuna aliyejipaka. Jioni miguu ilimgoma, nikambeba mgongoni hadi kwake. Mkewe, Mashavu, akamlaza, na kila alipomgusa ngozi ilikuwa ya kijivu, baridi, ngumu, ugumu ukipanda kutoka nyayoni kwenda magotini, kutoka magotini kwenda kiunoni, huku njuga zikilia chini ya kitanda ambako hapakuwa na kitu ila vumbi, na asmini ikijaa chumba mpaka mtoto wao akatapika.

"Anasema twende," Semboja alinong'ona. "Mashavu, nishike."

Mganga aliitwa kutoka Kwamsisi, Bi Zamda. Akamgeukia Mdoe.

"Mwanangu, utani wako yule jini wa jiwe kauona posa. Nenda kwenye jiwe, umwambie kwa kinywa kilekile kwamba badala ya mtu unampa mbuzi wako."

Mdoe akaenda, akasema. Kiuno cha Semboja kikalegea, magoti yakakunjika, akaomba uji. Jiwe likapakiwa garimoshi la Tanga. Jini katoka.

Haya, kuna mahali nimeparuka.

Mdoe hakumtaja mbuzi. Alitaja jina langu, nami nimesimama kando yake, nikacheka, nikidhani ni yale yale yetu. Njuga zilipoanza kunifuata nilimkimbilia Semboja. Hakuuliza njuga gani.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "wewe huna mke wala mtoto. Mimi na Mdoe tuliona hivyo."

Akafunga mlango. Nikasikia komeo.