Abee, Mama

Nyinyi wajukuu hamna huruma. Mkishashiba mnajitandaza kwenye mkeka wangu na kuanza: "Bibi, tuandikie kile kisa cha mashine ya Waya." Kwani nyinyi mikono mmeazimisha? Mmesoma mpaka migongo imepinda, halafu mimi niliyeishia darasa la tatu ndiye wa kuandika. Haya. Ila mtu asije kunigongea mlango kuniambia amekosa usingizi. Atakosa, na atajijua.

Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jua linawaka, nguo zimeanikwa, mimi niko mlangoni nachambua mchele, na binti yangu yuko sebuleni kwenye cherehani anashona sare za shule. Binti yangu ana mtoto mmoja tu duniani, huyo Waya. Mume alishazikwa zamani. Kwa hiyo ukimwona anakanyaga ile pedali tangu asubuhi mpaka kiuno kinakataa, ujue anamkanyagia Waya. Jina hilo mtoto alijitafutia mwenyewe, kwa kufungua kila redio iliyoingia nyumbani na kushindwa kuifunga.

Waya akaingia, mkoba begani, uso umemvimba kama aliyeumwa na nyuki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Msimamizi kaikataa sauti."

Alikuwa anasomea shahada ya pili ya kompyuta. Utafiti wake ulikuwa kuifundisha mashine kuongea Kiswahili kama mtu, ili wagonjwa na wazee wanaoshinda peke yao wapate wa kupiga naye soga. Sikumcheka mbele yake. Tabu ni kwamba mashine yake ikiongea ilikuwa kama bati linaloburutwa barabarani. Msimamizi alimwambia asipoleta sauti ya maana kabla ya siku ya kuwasilisha kazi, aisahau shahada. Alihitaji mtu mmoja, aongee saa nyingi, polepole, kama anaongea na mtu anayempenda.

"Mchukue mama yako," nikasema.

"Nimejaribu, Bibi. Cherehani inaingia kila mahali."

"Nikiisimamisha hiyo cherehani utakula maikrofoni?" binti yangu akajibu bila kuinua macho.

Mimi pia alinijaribu. Nilikohoa, nikamtukana jogoo wa jirani, nikakohoa tena. Akanishukuru kwa adabu, akaondoka zake.

Sasa, chuoni alikuwa na mwenzake, binti mmoja tuliyemwita Kimya, maana akija nyumbani atasalimia na ataaga, hapo katikati humtoi neno. Mama yake Kimya alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Kila asubuhi, akishamwogesha na kumbadilishia shuka, Kimya aliiweka simu kwenye mto na kumrekodi mama yake akiongea. Si kwa utafiti wowote. Alijua anakwenda kubaki peke yake, akataka abaki na sauti. Simu ilipojaa, akamwomba Waya amhifadhie zile rekodi kwenye mashine kubwa ya chuo.

"Lakini usizifungue," alimwambia. Alimwambia hapo hapo sebuleni kwetu, mimi nasikia. Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba.

Yule mama akafa. Tulikwenda msibani sote. Waya alibeba viti, akachota maji, akashika watu mikono, kila mtu akasema huyu mtoto amelelewa. Wiki ileile akarudi chuoni akazifungua zile rekodi.

Sauti ilikuwa nzuri, sitadanganya. Sauti ya mwanamke aliyelea: nzito kidogo chini, laini juu, na pumzi katikati. Waya aliweka kompyuta yake mezani akatuita tusikilize. Alituambia amepewa na "mtu mmoja". Nilimtazama, naye akatazama waya za spika.

"Mwanangu," mashine ikasema. Kisha ikatulia.

"Naam, mama," Waya akajibu.

Ikatulia vilevile. Akakuna kichwa. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Abee, mama."

"Umeamka salama?" ikauliza.

Binti yangu alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, anaitika abee kama msichana! Waya akaeleza, masikio yamemwiva. Kwenye zile rekodi mama anaita, binti anaitika abee, ndipo mama anaendelea. Mashine imejifunza hivyo hivyo. Bila abee haisogei. Amejaribu kuirekebisha imegoma, na siku zinamwishia, kwa hiyo anaitika tu.

Aliposema "binti", ndipo nilipojua ni sauti ya nani. Binti yangu naye akajua. Kicheko kikakatika.

"Kimya ana habari?"

"Nitamwambia, Mama. Baadaye."

"Na wewe unaitika hivyo kutwa nzima?" nikauliza.

"Kutwa nzima, Bibi. Ndivyo inavyojifunza."

"Wewe. Mtu akiitwa mwanangu, akaitika abee mama, amekubali nini?"

"Bibi, hii ni hesabu tu. Hamna mtu mle ndani."

"Hesabu niliyosoma mimi haikuniita mwanangu."

Akainamia kompyuta yake. Nikaona vinyweleo vya shingo vimemsimama, na mwenyewe hana habari.

Basi nyumba ikawa na wanawake watatu. Chumbani: mwanangu, abee mama, mwanangu, abee mama. Sebuleni, cherehani. Binti yangu akimwita kijana aje kula, ilibidi arudie. Baadaye ikabidi aende mpaka mlangoni. Baadaye mpaka amguse bega. Alikuwa anakuja, lakini anakuja kama mtu aliyeitwa na jirani.

Mchana mmoja nilikuwa napita na beseni la nguo. Mlango wake uko wazi.

"Mwanangu, funga dirisha. Naona baridi."

"Abee, mama." Akasimama, akafunga dirisha.

Nikaweka beseni chini. Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

"Waya. Umemfungia nani dirisha?"

Akautazama mkono wake, bado umeshika komeo. "Imo kwenye rekodi, Bibi. Alisema hivyo siku moja. Mimi... nimefunga tu."

"Mwanangu," ikaita tena.

"Abee, mama."

"Huyo anayeshona ni nani?"

Waya akaitazama maikrofoni. Mama yake Kimya hakuwahi kukanyaga kwetu. Kwao hapakuwa na cherehani.

"Na hilo limo kwenye rekodi?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. "Maikrofoni nimeichomoa," akanong'ona. "Haina masikio, Bibi. Haina."

Sebuleni binti yangu alikuwa amesikia. Pedali ikasimama.

Tukangoja.

"Amenyamaza," ile sauti ikasema. "Afadhali."

Nilimwambia aifute palepale. Mama yake alimpigia magoti, mama mzima mbele ya aliyemzaa. Waya akasema siku ya kuwasilisha imekaribia mno, akishapita ataifuta yote na Kimya hatajua kitu. Aliyasema hayo akiwa anamtazama mama yake mdomoni. Si machoni, mdomoni, kama wanavyotazama viziwi. Binti yangu akarudi kwenye cherehani. Hakukanyaga. Alikaa tu, kitambaa mapajani.

Siku ya kuwasilisha tukaenda wawili, mimi na binti yangu, tumevaa vizuri. Ukumbi una viti vya kukunjwa na feni zinazolalamika. Mbele wamekaa walimu wakubwa, miwani puani, na msimamizi wake pembeni anatabasamu kama baba wa bwana harusi. Waya alizungumza mambo mengi. Sikuelewa hata moja, nikapiga makofi wengine walipopiga. Kisha akasema, sasa mtaisikia yenyewe.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, Kimya akaingia, bado amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Hakuna aliyemwalika. Wanafunzi huwa wanakuja kusikilizana. Akakaa kiti cha mwisho.

Waya alimwona. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

"Mwanangu."

Ukumbi mzima ulitulia kwa jinsi ile sauti ilivyokuwa nzuri. Na huko nyuma, kabla hajajizuia, Kimya akasimama. Mtoto akiitwa na mama yake hafikiri.

"Abee, mama!"

Watu wakageuka. Mikono yake iko kifuani. Machozi yanamtoka na anacheka. Maskini, anacheka.

Mashine ikachelewa kidogo.

"Si wewe," ikasema.

Feni zikaendelea kulalamika.

"Si wewe. Namwita mwanangu."

Kimya akabaki amesimama. Mdomo wazi. Binti yangu akanishika paja, kucha zikazama. Nikamtazama Waya. Anabana meno. Anabana midomo kwa mkono. Na katikati ya vidole ikatoka:

"Abee, mama."

"Ndiyo huyo," ikasema ile sauti, kwa furaha. "Twende nyumbani."

Walimu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho! Mmoja alisimama kabisa. Msimamizi akampa Waya mkono, na ule mkono wa Waya ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa.

Kimya alipita mbele yetu akitoka. Hakumtazama Waya. Aliinama kwa binti yangu, akamnong'oneza sikioni, "Pole, mama." Hatukuelewa anampa pole ya nini. Aliyefiwa si yeye?

Tulielewa njiani. Waya alikuwa ametangulia, anatembea haraka kando ya barabara. Binti yangu akaita, "Waya, ngoja!" Hakugeuka. "Mwanangu!" Akageuka upesi, uso umechangamka, akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama juu ya kichwa cha mama yake aliyekuwa mbele yake pale. Kisha akaniuliza mimi:

"Bibi, kuna mtu kaniita?"

"Mama yako huyu hapa."

"Mama? Mbona hasemi? Amenuna?"

Binti yangu alikuwa anasema. Alikuwa anapiga kelele mpaka wapita njia wanasimama.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio. Masikio mazima. Alisikia kengele, alisikia saa ya ukutani, alisikia muuguzi anayenong'ona chumba cha pili. Daktari akamweka mama yake nyuma ya kiti azungumze. Waya akakaa anangoja tu kipimo kianze.

Ndipo ujeuri ulipomtoka. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akasema sauti ameiiba. Shahada wakaifuta. Akaifuta na mashine yote mbele ya fundi wa chuo, kila kipande, na mimi nikiwa nimesimama hapo na fimbo yangu nikihakikisha, ingawa sijui nilikuwa nahakikisha nini. Kisha tukaenda kwa Kimya kuomba radhi, sote watatu.

Kimya alitukaribisha ndani. Kitanda cha mama yake kimetandikwa, mto uko mahali pake. Waya akapiga magoti, akasema aliyoyasema.

"Sina kinyongo," Kimya akajibu. "Lakini sikilizeni hii."

Akatoa simu yake. Ndani yake zilikuwa zimebaki rekodi chache za mwanzo kabisa, zile ambazo hazikuwahi kwenda chuoni. Hazikuwahi kutoka kwenye simu ile. Akabonyeza. Tukasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Shuka likikung'utwa. Kisha mama akaita, "Mwanangu."

Na aliyeitika alikuwa Waya.

"Abee, mama." Sauti yake, na mafua yake yasiyopona. Ndani ya chumba ambacho, siku ile inarekodiwa, hakuwamo.

"Zote ziko hivyo," Kimya akasema. "Mimi simo tena."

Hakuna aliyeweza kutueleza, na mimi nimeacha kuuliza.

Waya sasa anatengeneza simu za watu kwenye kibanda karibu na kituo. Anasikia wateja, anasikia mvua, anasikia hata nikimsema vibaya niko jikoni. Mama yake tu ndiye hamsikii. Kusoma mdomo wake ameshindwa. Anasema akiutazama unakuwa kama mdomo wa mtu aliye nyuma ya kioo chenye ukungu. Kwa hiyo tukikaa mezani binti yangu ananiambia mimi, nami namwambia yeye. Ongeza chakula. Vaa sweta. Umekonda. Nimekuwa mkalimani uzeeni, na nikifa sijui watafanyaje, maana kwenye karatasi wamejaribu, yeye anaona mistari mitupu.

Juzi alijikata kidole kwa bisibisi. Mama yake akamshika ule mkono akamfunga kitambaa, huku analia.

"Mwambie, pole mwanangu," akaniambia.

"Mama yako anasema pole," nikamwambia.

Lile neno la pili, mwanangu, siku hizi silifikishi. Akilisikia tu, kutoka kwa mtu yeyote, anauchomoa mkono wake kwa mama yake, anasimama, na kwenda kufungua mlango.