Mbuzi wa Mama Séphora

Kabati la wakili Maître Lusenge lilikuwa limevunjwa kufuli. Siku hiyohiyo kesi ya Mama Séphora, mjane wa Bungulu, ilikuwa isikilizwe mahakamani Beni, na hoja za maandishi za kumtetea, zilizokwisha kutiwa sahihi, hazikuwapo.

Mama Séphora alikuwa ameketi kwenye benchi na rozari mkononi. Akishindwa leo, mzee Kahongya, aliyemshtaki, angechukua kiwanja chake pamoja na nyumba iliyo juu yake.

Inspekta Victoire Syauswa, mwanamke asiyejua haraka, alikagua alama za bisibisi kwenye mlango wa kabati. Kisha akalifungua faili lililobaki.

"Hati za kiwanja ziko hapa. Ni nini inakosa?"

"Conclusions tu, zile hoja za kumutetea," alijibu Maître Lusenge. "Mais, ni Kahongya! Ni nani mwingine?"

"Kahongya angeacha hati?"

Wakili akakubali kwa kichwa, bila kubisha. Kwa waliomfahamu, hilo lilishangaza kuliko wizi wenyewe.

Inspekta akamgeukia Maître Sadrack, wakili mwanagenzi wa ofisi hiyo.

"Ni weye uliandika?"

"Ndiyo, Inspekta."

"Uliandika nini?"

"Kama mama eko mu kiwanja tangu zamani."

"Na nini tena?"

Kijana akatazama kabati lililovunjwa.

"Maître Sadrack. Na nini tena?"

"Mbuzi," alisema kijana. "Niliandika kama kila mwaka anapatiaka Kahongya mbuzi ya muhako."

Maître Lusenge akajishika kichwa. Katika milima ile, anayetoa mbuzi wa muhako anakiri kwamba ardhi ni ya anayempokea. Sadrack alikuwa amemkabidhi Kahongya kiwanja ndani ya hoja za kukitetea.

"Hapana muhako!" Mama Séphora aliruka. "Ile ni mbuzi ya Noeli! Kahongya ni baba mudogo ya marehemu bwana yangu. Nilikuambia!"

"Uliniambia, mama. Niliona muhako itakuwa na uzito zaidi mbele ya juge. Kisha jana nikasoma tena, nikaelewa."

"Juu ya nini hukusema?" Inspekta aliuliza.

"Maître alikuwa amesha signer. Na alisema kosa moja tena, nirudie kulima kahawa. Donc nikavunja kabati, nikachoma ile makaratasi. Nilifikiri korti itatupatia tarehe ingine."

Inspekta akamtazama mwenye ofisi. "Maître, ulisoma mbele ya kutia sahihi?"

Lusenge alikohoa.

"Nilisoma mwanzo na mwisho."

Mama Séphora akasimama polepole.

"Miaka yote naogopa Kahongya," alisema. "Kumbe wenye walikuwa wananitosha inje ya nyumba ni ninyi, ba-avocat yangu."

Sadrack akalia waziwazi, na Maître Lusenge hakumkemea.