Chumba Kilichoomba Kumbukumbu

Mashine ilianza kunuka kafuri. Si waya ulioungua, la. Kafuri ile ya kuoshea maiti, na nyumbani mwa Mahir hakuna aliyekufa.

Mahir alikuwa fundi wa kompyuta pale mtaa wa Langoni, akiishi nyumba ya kina mkewe Huwaida pamoja na mtoto wao Zaki, aliyekuwa bado ananyonya. Ghorofani aliweka seva, mashine moja kubwa, na ndani yake akaigawa vyumba: kimoja cha duka la dawa, kimoja cha nyumba ya wageni, kimoja cha madrasa. Kuta zake hazionekani kwa macho, ila kila chumba hujiona ni mashine kamili, hakijui kama kina jirani. Kisha akaongeza cha nne, akakiacha kitupu.

"Baba Zaki, chumba hakiachwi kitupu," Huwaida alimwambia. "Hata nyumba ikikosa mtu husomewa."

"Hiki ni cha kompyuta, Mama Zaki. Jini ataingilia wapi, kwenye soketi?"

Akacheka peke yake. Ana ulimi yule, na ulimi ndio uliomponza.

Alasiri moja kile chumba kitupu kikaandika kwenye skrini: "Naomba kumbukumbu." Hayo maneno aliyatia Mahir mwenyewe alipoipanga mashine. Kumbukumbu ndiyo chakula cha mashine. Chumba kikipungukiwa huomba, na fundi hukimegea kutoka kwenye akiba. Lakini chumba kisicho na kazi chataka kumbukumbu ya nini? Angechunguza, wallahi, angechunguza! Akaona uvivu.

"Chukua, bwana," akasema kwa sauti, huku akibonyeza. "Chukua utakacho, nyumba hii imejaa tele."

Kafuri ikazidi.

Jioni ile Huwaida alitia chumvi kwenye chai. Kesho yake akasimama kwenye ngazi akauliza jiko liko upande gani, na nyumba ni ya kwao, ndimo alimozaliwa. Mahir akamtania. Kisha akamsikia akimwombea dua marehemu babake, akafika kwenye jina, akanyamaza, akaanza tena, akanyamaza, na huko juu feni ya seva ikivuta pumzi ndefu kama mtu afyonzaye uji wa moto. Mahir akapanda mbio, akakuta chumba kinaomba na kujipa chenyewe, na akiba haijapungua hata chembe, na vyumba vingine navyo havijapungua, basi hicho kinachomegwa kinatoka wapi, Ya Rabbi, kinatoka kwa nani, akaelewa, na aliijua siku inayokuja, siku ambayo mkewe angemsahau Zaki.

Akamwita Mwalimu Mohdhar, anayewasomea wenye mashetani, akamweleza yote.

"Kiyana, huyo jini ulimpa kwa ulimi?" Mwalimu alinong'ona.

"Nilimwambia achukue."

"Basi nitamsomea mpaka aape kurudisha. Akishaapa ndipo umtoe, si kabla. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Mwalimu akasoma. Skrini ikaandika "Nimekaribishwa", ikaandika tena, ikajaa, milango ya chini ikabamizwa yote kwa pamoja na upepo hakuna, kafuri ikawachoma mato mpaka wakatokwa na machozi, Mwalimu akapaza sauti, na huko chini Huwaida akapiga ukelele mmoja mrefu usiokatika, na Mahir, kidole kikiwa juu ya amri ya kukifuta kile chumba, hakuweza kungoja kiapo wala chochote, akabonyeza.

Kimya. Harufu ikakatika.

"Ametoka," Mwalimu akasema taratibu. "Aliapa?"

Mahir aliinamia skrini. Alikuwa akisoma kile ambacho mashine huandika kila chumba kinapovunjwa: "Kumbukumbu yote imerudi. Imefutwa." Ndivyo alivyoipanga mwenyewe, kumbukumbu irudi tupu, ili mpangaji mpya asisome siri za aliyetoka.

Nyayo zikapanda ngazi. Huwaida akasimama mlangoni, uso umetulia, kanzu imelowa maziwa kifuani. Zaki alikuwa akilia mikononi mwake, naye amemshika mbali na mwili.

"Samahani, mabwana," akasema kwa adabu. "Huyu mtoto ana njaa. Mamake mwamjua?"