Filimbi ya Mama Ng'washi

Kila jioni, Adelina alipomaliza kuuza mchicha, alivaa kizibao cha njano cha ulinzi shirikishi, akaning'iniza filimbi shingoni na kuzunguka vichochoro vya Itetemia. Hakulipwa, alijitolea. Mtaa mzima ulijua milio yake. Mifupi mifupi iliwaita walinzi wenzake. Mmoja mrefu ulikuwa na maana moja tu: mwizi, tokeni.

Ng'washi, binti yake wa darasa la sita, alimwonea fahari sana. Ndiyo maana maneno ya Fikiri, mwanafunzi mwenzake, yalimchoma siku ile walipokuwa wakirudi mtaani kutoka shule.

"Mama yako ni polisi wa kulinda kuku," alisema Fikiri. "Hata hiyo filimbi ni ya plastiki, haitoi sauti."

"Haitoi sauti?" Ng'washi aliichomoa filimbi mfukoni. Alikuwa ameichukua asubuhi msumarini ili awaringie wenzake. Akaipuliza kwa pumzi yake yote, mlio mmoja mrefu.

Milango ikafunguka. Wanaume wakatoka na fimbo, wanawake na michi. Wakati huohuo mtu mmoja mgeni alikuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya asali kutoka kijiji cha Ipole. Alipoona fimbo zinamjia, aliitupa baiskeli akakimbia. Hapo ndipo alipojiponza.

"Huyo! Mkamateni!"

Wakambana kwenye ukuta wa duka la Abasi. Pigo la kwanza likatua begani. Nyuma yao asali ilitiririka mchangani.

Adelina alifika mbio, mikono imejaa udongo wa bustani. Akajipenyeza, akasimama mbele ya yule mtu.

"Hapigwi mtu hapa. Ameiba nini? Kwa nani?"

"Si wewe uliyetuita?" alisema Mzee Mahona, fimbo ikiwa juu. "Filimbi yako tumeisikia. Pisha, mama."

"Sikupuliza mimi."

"Basi alipuliza nani, shetani? Na kama hana kosa, mbona alikimbia?"

Ng'washi akapiga hatua mbele. Fikiri akamvuta sare. "Nyamaza wewe. Watatugeukia sisi."

Jiwe likarushwa, likagonga bati karibu na kichwa cha mama yake. Ng'washi akachomoka, akapita katikati ya miguu ya watu.

"Ni mimi." Akainua filimbi wote waione. "Nimepuliza mimi. Hakuna mwizi. Nilikuwa naringa."

Fimbo zikashuka moja moja. Mzee Mahona aliitazama yake kama vile hakuijua.

"Naitwa Lugembe," alisema yule mgeni, akishika bega. "Nilikimbia kwa sababu niliona hakuna atakayeniuliza jina."

Abasi akamletea maji. Mzee Mahona akaenda kuinua baiskeli.

Adelina aliichukua filimbi, akaifuta kwa khanga. "Mwanangu, hii si plastiki. Hili ni neno langu. Watu huacha chungu jikoni wakatoka kwa sababu sijawahi kuwadanganya. Leo umewadanganya wote kwa pumzi moja, na mtu angekufa. Ukweli wako umemwokoa, hilo nimeliona. Lakini imani ya watu tutaitafuta upya, nyumba kwa nyumba."

Jioni ile walizunguka wote wawili, Ng'washi akitangulia kubisha hodi na kuomba radhi. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mzee Mahona.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Mzee aliegemeza fimbo yake mlangoni. "Filimbi ikilia kesho, mjukuu wangu, nitatoka. Ila safari hii nitauliza kwanza. Mwenye filimbi asidanganye, na mwenye fimbo asiwe na haraka."