Mto Usoni mwa Mzee

Kwanza ilikuwa harufu tu: nywele zilizoungua, chumbani kwa baba, na hakuna aliyewasha hata kiberiti. Mwandishi alifungua dirisha, akasonya, akarudi mezani. Hadithi yake ya jini wa mashine ya kusaga ilikuwa imegoma. Kila akianza upya, jini anaiacha mashine, anampandia mzee mmoja mgonjwa kitandani na kumbana mto usoni. Na hakuna aliyemwalika mzee yeyote humo! Alifuta, akaandika, akafuta tena, mzee yuleyule akarudi. Ilimkera hata akatamani kuivunja kompyuta.

Jioni alimsomea baba kurasa za siku, maana mzee hakuwa akiona tena na starehe yake ilikuwa hiyo tu. Akifika penye mto, anaruka.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

"Nimepoteza mstari, baba."

Alikuwa akimlisha, akimwogesha, akimgeuza ubavu, peke yake, mwaka baada ya mwaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Majirani walimwambia radhi kazipata. Labda kazipata, lakini alikuwa amechoka mpaka mifupani, na hilo hakumwambia mtu.

Asubuhi moja akamkuta baba ana michubuko kando ya mdomo, mto umelowa mate, na harufu ile imetanda chumba kizima, imeingia kwenye shuka, kwenye pazia, hata kwenye mikono yake mwenyewe aliyotoka kuiosha, na nyuma ya mlango kitu kinahema polepole, kama mtu aliyepumzika katikati ya kazi nzito na anasubiri kuambiwa aendelee.

Akamwita mganga. Mganga alinusa tu, wala hakufungua mkoba wake.

"Huyu hakutumwa na adui," alinong'ona. "Anakula unachokificha. Mwambie mzee, atatoka."

"Nimwambie nini?"

"Unakijua."

Mwandishi alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa baba, machozi yakimtoka. "Nisamehe, baba. Kuna siku naomba ufe, nipumzike."

Harufu ikakatika palepale. Nyuma ya mlango pakawa kimya.

Baba aliipapasa mikono ya mwanawe, kidole kimoja kimoja.

"Kumbe hukuwa wewe," akasema taratibu. "Mikono iliyonibana mto haikuwa hii. Ila alikuwa anakuja na hatua zako. Nilidhani ni wewe, mwanangu, ndiyo maana sikupiga kelele."