Mkono Mrefu Ukutani mwa Zahanati

Kila asubuhi kabla ya shule, Chaki alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akisugua kola za mashati ya watu. Mama yake alikuwa dobi. Mama alifua na kukamua, Chaki akabaki na kola, kwa kuwa kola hazikumtaka mtu asimame. Mguu wake wa kushoto ulidhoofishwa na ugonjwa alipokuwa bado anatambaa, na tangu aanze kutembea alitembelea gongo. Nyumbani kwao kulikuwa na chumba kimoja, kamba nyingi za nguo, na uchovu usiokwisha. Hata salamu zao zilikuwa zimechoka.

"Umelalaje, mwanangu?"

"Nimelala tu, mama. Na wewe?"

"Mimi nimejinyoosha. Kulala ni kwa wenye nafasi."

Jina la Chaki alipewa na wenzake darasani, kwa sababu vidole vyake havikukosa vumbi la chaki. Rangi hakuwa nazo, wala karatasi. Alichorea vipande vya chaki vilivyoanguka chini ya ubao, na mkaa, juu ya maboksi aliyoyachana. Alichora alichokiona: ndoo, mbuzi, mwalimu mkuu akipiga miayo. Picha hiyo ya mwisho ilimponza, akafagia darasa peke yake. Lakini mwalimu mkuu aliondoka na lile boksi, na mpaka leo hajalirudisha.

Mtaani kulikuwa na mchoraji wa mabango ambaye watu walimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mgongo unaomuuma. Chaki alimfuata kila mara akimwomba amfundishe, mpaka Fundi akachoka kukataa.

"Haya," alisema siku moja. "Zahanati wanataka picha ukutani, mama anamnawisha mtoto mikono. Nitakupigia mistari ya kukuongoza, utachora wewe. Ikikaa sawa, utakuja kwangu kila siku baada ya shule nikufundishe kazi. Isipokaa sawa, usiniletee tena maboksi yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Fundi."

"Na sharti ni moja. Ukishapaka kidogo, vuka barabara, simama ng'ambo, tazama. Watu wataiona picha wakiwa barabarani, si wakiwa wamegusisha pua ukutani."

Yeye mwenyewe ndivyo alivyofanya kazi. Alipaka, akavuka, akakunja uso, akarudi kupaka. Madereva walimjua na walimtukana kwa mazoea, naye aliwajibu kwa mazoea.

Kazi ikaanza. Siku ya kwanza Chaki alivuka kila alipopaka. Kando ya barabara palikuwa na mtaro, na juu ya mtaro ubao mwembamba uliotikisika. Alivuka na gongo lake, akatazama, akarudi. Jioni kwapa lilikuwa limechubuka. Siku ya pili pikipiki nusura impitie, na kufika nyumbani alishindwa hata kuinua kijiko. Siku ya tatu alisimama mbele ya ukuta, akaitazama ile barabara, akahisi machozi yanamlenga.

"Naona vizuri tu kutoka hapa," alijiambia. Mtu akichoka sana hakosi sababu.

Fundi alikuwa na bango la duka mtaa wa pili. Alipopita aliuliza kwa sauti, "Unavuka?"

"Navuka, Fundi!"

Rafiki yake wa dawati moja, msichana waliyemwita Kipepe, alikuwa amekuja kumshikia kopo la rangi. Alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mbona unamdanganya?"

"Kwapa ni langu au lako?"

Kipepe akakoroga rangi koponi. Fundi alipita tena jioni, akauliza, akajibiwa vilevile. Safari hii neno lilitoka bila kukwama.

Picha ilipokwisha, Chaki alikuwa hoi lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumapili, wagonjwa walianza kufika. Wa kwanza alisimama barabarani, akashika mdomo. Wa pili hakujisumbua kushika mdomo.

"Jamani! Mama huyu mkono wake unafika jikoni yeye akiwa sebuleni!"

"Na mtoto je? Kichwa hicho atakivalisha kofia gani?"

Watu walivunjika mbavu. Muuguzi alitoka kuona kulikoni, akavuka, akatazama, kisha akaagiza Fundi aitwe.

"Fundi, wagonjwa wangu wanapona kwa kucheka, nashukuru. Lakini hii siwezi kukaa nayo. Pakeni nyeupe, basi."

Chaki alivuka ule ubao akatazama. Alichokiona kilimkata maini. Kule karibu, mkono ule ulikuwa mkono tu. Kutoka hapa ulikuwa mrefu kama kamba ya kuanikia. Aliona aibu, akatamani mtaro ummeze.

Fundi alisimama kando yake. "Ulivuka?"

Angeweza kusema tena ndiyo. Angeweza kuilaumu mistari ya Fundi.

"Sikuvuka, Fundi. Nilivuka siku mbili tu. Kwapa limechubuka, na nimechoka. Niliogopa nikikwambia utasema mguu wangu haufai kwa kazi hii."

"Huenda ningesema hivyo," alijibu Fundi. "Mimi si malaika. Lakini ningekuwa na jambo la kufikiria. Uliposema unavuka, nilifikiri hakuna tatizo, nikaenda zangu."

Maneno hayo yalimuuma Chaki kuliko vicheko vyote. Alipiga moyo konde, akamgeukia Muuguzi.

"Dada Muuguzi, naomba usiifute. Nipe mpaka jioni."

Muuguzi alimtazama Fundi, Fundi akatazama viatu vyake. "Mpaka jioni," Muuguzi akasema.

Chaki alikaa juu ya kreti la soda ng'ambo ya barabara, akafikiri. Halafu akamwita Kipepe, aliyekuwa amekuja kuiona picha.

"Chukua chaki, nenda ukutani."

"Mimi? Mimi hata yai sijui kuchora!"

"Sikwambii uchore. Nitakaa hapa nikutazame. Nitakapokwambia, weka alama."

Basi, kelele zikaanza. "Panda juu! Shuka! Kulia! Kulia, nimesema, kwani wewe kulia kwako ni wapi? Hapo! Tia alama!" Madereva walipiga honi, Kipepe akaweka vidoti vya chaki begani, kwenye kiwiko, kwenye kidevu cha mtoto. Vidoti vilipokuwa vya kutosha, Chaki alivuka mara moja tu, akakaa chini, akapaka kwa kufuata vidoti. Kisha akapumzika, akarudi kwenye kreti, wakaanza upya na upande mwingine. Hakuna aliyecheka tena, maana ilikuwa kazi ya kuchosha hata kuitazama.

Jioni mama yake alipita na kapu la nguo zilizopigwa pasi kichwani. Hakuwa mtu wa kusimama njiani. Lakini alisimama. Alilitua kapu, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Mama wa pichani alikuwa ameinama juu ya beseni, mkono wake ukitosha kabisa kumfikia mtoto, na macho yake yalikuwa mazito.

"Mbona umenichora nimechoka?" mama aliuliza.

"Ndivyo ulivyo, mama."

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Muuguzi akasema picha ibaki, akaingia ndani kufunga madirisha.

Fundi alivuka, akakunja uso, akarudi. "Sikiliza, Chaki. Kuchoka si kosa. Hata mimi nimechoka, mama yako amechoka. Ukichoka, sema umechoka, tutafute njia pamoja. Ukisema umefanya na hukufanya, njia hiyo hakuna atakayeitafuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

"Kesho baada ya shule uje kwangu. Usichelewe."

Chaki alikuwa amengoja maneno hayo siku nyingi. Alifungua mdomo aseme ndiyo, kisha akasita.

"Kesho siwezi, Fundi. Kwapa linauma mno."

Fundi alimtazama, akazichukua brashi kutoka mikononi mwake.

"Basi njoo likipona," alisema. "Hizi nitakuoshea mimi."